Kiungo Kinachobeba Majibu: Mambo ya Kujua Kabla Kamati Haijaweka Fomu Kwenye Tovuti



Zamani taarifa za parokia na sharika zilifika ofisini kwa karatasi. Katibu wa kamati alijaza fomu, akaitia ndani ya bahasha, akampa mtu aliyekuwa anasafiri kwenda Kayanga au Bukoba. Siku hizi fomu nyingi zimehamia kwenye tovuti, na katibu huyo huyo anazijaza kwa simu yake ya mkononi. Safari imefupika. Lakini bahasha je, ipo bado?

Tuchukue mfano wa kufikirika. Katibu wa kamati ya elimu katika kata ya Kihanga, wilayani Karagwe, amejaza fomu ya kumwombea ada mwanafunzi yatima. Amebofya neno "Endelea" na ukurasa wa pili umefunguka. Kabla ya kuendelea anataka mwenyekiti auone, hivyo ananakili anwani iliyoko juu ya ukurasa na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la kamati. Anwani ile ni ndefu, imejaa alama za asilimia na alama za kuuliza, na hakuna anayejisumbua kuisoma. Lakini ndani yake, kwa herufi za kawaida kabisa, limo jina la mtoto, shule yake, neno "yatima", ugonjwa wa mlezi wake na namba ya simu ya nyumbani.

Katibu hakuwa na nia mbaya. Fundi aliyetengeneza tovuti naye hakuwa na nia mbaya. Alitumia njia rahisi ya kupeleka majibu kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, yaani kuyaandika ndani ya kiungo. Makala hii inaeleza njia hiyo inavyofanya kazi, inafaa wapi, na wapi haifai kabisa. Haihitaji utaalamu wa kompyuta. Inahitaji tu kufahamu jambo ambalo kila mtu aliyewahi kwenda zahanati analijua tayari.

SEVA HAIKUMBUKI MTU

Katika tovuti nyingi za mashirika kama yetu, ukurasa unaouona haukukaa tayari kama gazeti lililochapwa. Unatengenezwa wakati ule unapouomba. Simu yako inatuma ombi kwenye kompyuta kubwa inayoitwa seva. Seva inatafuta taarifa kwenye hifadhidata, inaandika ukurasa mzima, kisha inakutumia. Kazi hiyo mara nyingi hufanywa kwa lugha ya PHP, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1995 na Rasmus Lerdorf. Mwaka huo huo, mwezi Novemba, fomu za kujaza ziliingizwa rasmi katika kanuni za lugha ya kurasa za tovuti, HTML.

Jambo la kuelewa ni kwamba seva, baada ya kukutumia ukurasa, inakusahau. Hivyo ndivyo utaratibu wa mawasiliano ya tovuti, unaoitwa HTTP, ulivyobuniwa tangu Tim Berners-Lee alipouanzisha huko CERN, Geneva, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kila ombi linasimama peke yake. Ukirudi baada ya sekunde mbili na kuomba ukurasa wa pili, kwa seva wewe ni mgeni mpya.

Ni sawa na zahanati yenye madirisha matatu. Dirisha la kwanza wanaandikisha jina, la pili wanapima, la tatu wanatoa dawa. Mhudumu wa dirisha la tatu hajui lolote kuhusu ulichosema dirisha la kwanza. Kuna njia mbili za kumfahamisha. Ya kwanza, mgonjwa mwenyewe anabeba daftari lake, limeandikwa kila kitu, na kulipitisha dirisha kwa dirisha. Ya pili, mgonjwa anapewa kadi yenye namba tu, na faili lenyewe linabaki kabatini. Kila mhudumu anasoma namba na kulifungua faili.

Tovuti nazo zina njia hizo mbili. Kuandika majibu ndani ya kiungo ni daftari. Kutunza majibu kwenye seva na kumpa mtumiaji namba ni kadi na faili. Hilo ndilo somo lote la makala hii. Yanayofuata ni maelezo yake.

KIUNGO HUBEBAJE MAJIBU?

Tazama anwani hii fupi:

michango.php?kata=Kihanga&mwaka=2025&mradi=maji

Kabla ya alama ya kuuliza ni jina la ukurasa unaoombwa. Baada ya alama ya kuuliza ni majibu. Kila jibu ni jozi: jina la sehemu ya kujaza, alama ya sawasawa, kisha thamani yake. Jozi moja hutenganishwa na nyingine kwa alama ya &. Seva ikipokea anwani hiyo inajua kwamba unataka michango ya mradi wa maji, kata ya Kihanga, mwaka 2025.

Anwani ya namna hiyo hutokea kwa njia mbili. Kwanza, fundi anaweza kuiandika mwenyewe ndani ya ukurasa, kama kiungo cha kubofya. Pili, fomu yenyewe inaweza kuitengeneza. Fomu ikiwekwa kwa njia inayoitwa GET, kivinjari hukusanya yote uliyojaza na kuyabandika kwenye anwani. Ikiwekwa kwa njia ya POST, majibu husafiri ndani ya ombi lenyewe na hayaonekani kwenye anwani. GET ni kadi ya posta, ambayo maandishi yake yako nje. POST ni barua iliyo ndani ya bahasha.

Ukurasa wa pili ukipokea thamani, unaweza kuiweka tayari ndani ya fomu mpya. Mtu akibofya kiungo chenye kata=Kihanga, anakuta sehemu ya kata imeshajazwa "Kihanga" na anabakiza kujaza mengine. Kwa kamati inayotuma fomu moja kwa vikundi vingi, hiyo ni nafuu kubwa.

FAIDA ZAKE

Tusiikatae njia hii kwa sababu ya hatari zake. Ina faida za kweli.

Mfano mzuri ambao karibu kila familia ya Tanzania imeutumia ni matokeo ya mitihani ya Baraza la Mitihani, NECTA. Katika mitihani ya sekondari, kila kituo kina namba yake, inayoanza kwa herufi S kwa shule au P kwa watahiniwa wa kujitegemea, na namba hiyo imo ndani ya anwani ya ukurasa wa matokeo wa kituo hicho. Mzazi aliyeko Kihanga akipata kiungo cha shule ya mwanawe anaweza kumtumia shangazi aliyeko Mwanza, naye akafungua ukurasa ule ule bila kuanza kutafuta upya. Anwani inabeba swali, na swali lenyewe si siri: ni shule gani?

Faida nyingine ni hizi. Kiungo kinaweza kuhifadhiwa na kutumika tena mwezi ujao. Kitufe cha kurudi nyuma kinafanya kazi vizuri. Mtandao ukikatika katikati, mtu hafungui kila kitu upya, kwa sababu swali lake limebaki kwenye anwani. Na ukurasa wa namna hiyo hufunguka hata kwenye simu ya zamani, kwa kuwa kazi kubwa imefanywa na seva.

Kwa hiyo ripoti ya maji, orodha ya miradi, takwimu za michango kwa kata, kalenda ya mikutano, yote haya yanafaa kubebwa na kiungo. Ni mambo ambayo tungeweza kuyabandika kwenye ubao wa matangazo nje ya kanisa. Hicho ndicho kipimo: kama jambo halifai kwenye ubao wa matangazo, lisiandikwe kwenye kiungo.

HERUFI ZINAZOLETA MATATIZO

Kabla ya kufika kwenye hatari kubwa, kuna matatizo madogo yanayosumbua kamati nyingi bila kujua chanzo chake. Alama kadhaa zina kazi maalumu ndani ya anwani, hivyo zikitokea ndani ya jibu la mtu lazima zigeuzwe kwanza. Nafasi kati ya maneno hugeuzwa kuwa %20. Fomu hugeuza yenyewe. Tatizo hutokea pale fundi anapoandika kiungo kwa mkono na kusahau.

Mfano wa kwanza ni jina la kikundi. Kikundi kikiitwa "Upendo & Amani", alama ya & isipogeuzwa kuwa %26, seva itadhani jibu limeishia hapo. Itapokea "Upendo" peke yake, na fedha za kikundi kimoja zinaweza kuandikwa kwa kingine.

Mfano wa pili ni namba ya simu. Namba zetu za kimataifa huanza na +255. Ndani ya majibu yanayobebwa na kiungo, alama ya kujumlisha husomwa kama nafasi tupu. Isipogeuzwa kuwa %2B, namba inafika pungufu, na ujumbe wa kumshukuru mfadhili au kumjulisha mlezi haufiki.

Mfano wa tatu unatuhusu sisi wenye ng' katika maneno na majina yetu. Ile alama ndogo ya juu, katika neno kama ng'ombe, hutumiwa na hifadhidata nyingi kuonyesha mwisho wa maandishi. Fundi asiyekuwa mwangalifu akichukua thamani kutoka kwenye kiungo na kuiunganisha moja kwa moja na agizo la hifadhidata, jina lenye ng' litaleta hitilafu. Tena si hitilafu tu. Udhaifu huo huo ndio wezi wa mtandaoni wanaoutumia kupenyeza maagizo yao na kusoma au kufuta hifadhidata nzima. Kwa hiyo tovuti inayokwama kwenye jina lenye ng' inakupa onyo la bure: mlango wake wa nyuma uko wazi.

Mfano wa nne unahusu majina yanayobadilika. Mwaka 2012 Wilaya ya Kyerwa ilianzishwa kutokana na Karagwe, na kata kama Nkwenda, Murongo na Kaisho zikahamia huko. Upande wa kanisa, mwaka 2008 Jimbo Katoliki la Kayanga liliundwa kutokana na Jimbo la Rulenge. Kiungo kilichoandikwa wilaya=Karagwe&kata=Nkwenda hakitapata kitu kwenye orodha mpya. Ni afadhali kiungo kibebe namba ya kudumu ya kata au parokia, na jina pamoja na wilaya vibaki kwenye hifadhidata ambako vinaweza kusahihishwa mara moja.

HATARI YA KWANZA: KUSOMWA

Anwani ya ukurasa haikai mahali pamoja. Inabaki kwenye historia ya kivinjari, na simu ya katibu pengine hutumiwa na watoto na majirani pia. Inaandikwa kwenye daftari la kumbukumbu la seva, ambalo fundi na kampuni inayotunza tovuti wanaweza kulisoma. Inanakiliwa kwenye WhatsApp na barua pepe. Inachapwa chini ya karatasi mtu anapochapa ukurasa.

Wengine husema, "Tovuti yetu ina kufuli, hivyo tuko salama." Kufuli hiyo, yaani HTTPS, ni ya lazima, na inaficha anwani yote isipokuwa jina la tovuti wakati ombi liko njiani. Lakini hailindi historia ya simu wala daftari la seva. Ni gari lililofungwa vizuri likibeba kadi ya posta: njiani hakuna anayeisoma, ila ikishuka kila mtu anaisoma.

Jambo hili limewakuta hata wakubwa. Mwezi Januari 2015 iligundulika kwamba tovuti ya serikali ya Marekani ya kuandikisha wananchi kwenye bima ya afya, HealthCare.gov, ilikuwa inaweka majibu ya watu ndani ya anwani: umri, kipato cha mwaka, kama mtu anavuta sigara, kama ni mjamzito. Kwa kuwa ukurasa ule ulikuwa na vipande vilivyowekwa na kampuni za nje, zikiwemo za matangazo, kampuni hizo zilipokea anwani nzima pamoja na majibu yake. Hakuna mwizi aliyevunja mlango. Tovuti yenyewe ilikuwa inatangaza siri za wageni wake, na baada ya habari hizo kutoka serikali ilipunguza utumaji huo.

Kuanzia mwaka 2020 na 2021, vivinjari vya Chrome na Firefox vilianza kukata majibu kwenye anwani vinapoitaja tovuti moja kwa nyingine. Hata hivyo, programu ndogo za nje zilizowekwa ndani ya ukurasa wenyewe, kama za kuhesabu wageni, bado zinaweza kuisoma anwani yote.

HATARI YA PILI: KUBADILISHWA

Daftari analobeba mgonjwa linaweza kusomwa na wengine, na mgonjwa mwenyewe anaweza kuliandika upya. Kiungo nacho ni hivyo. Mtu yeyote anaweza kuigusa anwani iliyoko juu ya ukurasa na kubadilisha namba moja. Tuseme katibu anafungua faili la mwanafunzi wake kwa anwani mwanafunzi.php?namba=118. Akiandika 119 badala ya 118, je, ataona mwanafunzi wa parokia nyingine? Kama jibu ni ndiyo, tovuti hiyo haina mlinzi.

Mwaka 2011 benki ya Citigroup ya Marekani ilipatwa na hasara kwa njia hiyo. Wezi waliingia kwenye tovuti ya wateja wa kadi kama wateja wa kawaida, kisha wakabadilisha namba ya akaunti ndani ya anwani, wakarudia hivyo kwa programu ya kompyuta. Taarifa za akaunti zaidi ya 360,000 zilisomwa, na takriban dola milioni 2.7 ziliibwa. Seva ilikuwa inauliza, "Je, umeingia kwa neno la siri?" Haikuwa inauliza swali la pili: "Je, akaunti hii ni yako?"

Hapa ndipo mafundi wengi wanapojidanganya kwa kutumia sehemu iliyofichwa. Ni sehemu ya fomu inayobeba thamani bila kuonekana kwenye ukurasa, kwa mfano kiasi cha mchango au namba ya mradi. Imefichwa kwa macho tu. Mtu anaweza kufungua maandishi ya ukurasa, akaiona na kuibadilisha. Hata POST, pamoja na bahasha yake, inaweza kuandikwa upya na mtumaji mwenyewe. Kwa hiyo kila thamani inayotoka kwa mtumiaji lazima ichunguzwe tena na seva, kana kwamba imeletwa na mtu asiyejulikana.

Lipo pia tendo la kurudisha thamani kwenye ukurasa. Seva ikichukua maneno kutoka kwenye kiungo na kuyaandika ndani ya fomu bila kuyasafisha, mtu mbaya anaweza kutengeneza kiungo chenye maagizo ya programu, akamtumia katibu. Katibu akibofya, maagizo hayo yanatendeka ndani ya tovuti ya shirika, kwa jina la katibu.

HATARI YA TATU: KIUNGO KINACHOTENDA

Kanuni za HTTP, kwa mfano toleo lake la mwaka 1999, zinaeleza kwamba ombi la GET liwe la kusoma tu, lisibadilishe kitu. Wengi waliipuuza. Wakaweka viungo kama futa.php?namba=118, vikifuta kumbukumbu papo hapo.

Mwezi Mei 2005 kampuni ya Google ilitoa programu iliyoitwa Web Accelerator. Kazi yake ilikuwa kuharakisha tovuti kwa kufungua viungo vya ukurasa kabla mtu hajavibofya. Programu haikujua kwamba baadhi ya viungo vilikuwa vya kufuta, hivyo ilivifungua vyote. Watumiaji wa huduma kama Backpack waliona kurasa zao zimetoweka bila wao kugusa kitu. Programu ile haipo tena, lakini tabia hiyo ipo. Ukibandika kiungo kwenye WhatsApp, programu hukifungua yenyewe ili kutengeneza muhtasari mdogo wenye picha. Mifumo ya kukagua barua pepe nayo hufungua viungo kutafuta virusi. Kiungo cha "thibitisha ahadi" alichotumiwa mfadhili kinaweza kuthibitishwa na mashine kabla mfadhili hajasoma barua.

Hivyo basi, kiungo kimfikishe mtu kwenye ukurasa wa kuthibitisha, na uthibitisho wenyewe ufanywe kwa kitufe cha fomu ya POST.

SHERIA INASEMAJE?

Jambo hili si la hiari tena. Bunge la Tanzania lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ikisimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria hiyo inazihesabu taarifa zinazohusu watoto kuwa miongoni mwa taarifa nyeti, pamoja na za afya na za miamala ya fedha ya mtu. Orodha ya wanafunzi tunaowalipia ada ina mambo yote matatu. Kenya na Uganda walitunga sheria zao za namna hiyo mwaka 2019. Aidha, wafadhili wetu walioko Ulaya wanalindwa na kanuni ya Umoja wa Ulaya, GDPR, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Mfadhili ana haki kuuliza jina lake na kiasi alichotoa vimehifadhiwa wapi, na "kwenye historia ya simu ya kila aliyepokea kiungo" si jibu la kumpa.

NJIA INAYOFAA: KADI NA FAILI

Turudi kwa katibu wetu wa Kihanga. Fomu yake ingetengenezwaje ili asimwanike mtoto?

Hatua ya kwanza, katibu anaingia kwa neno la siri. Seva inafungua faili la kikao na kumpa kivinjari namba ndefu ya kubahatisha, inayotunzwa kwenye kuki, si kwenye anwani. Katika miaka ya 2000 tovuti nyingi ziliweka namba hiyo ya kikao ndani ya kiungo, na mtu aliyemtumia rafiki kiungo alikuwa amempa na ufunguo wa akaunti yake. Tusirudie kosa hilo.

Hatua ya pili, anajaza majibu na kubofya "Endelea". Majibu yanakwenda kwa POST, seva inayachunguza na kuyahifadhi kama rasimu. Kisha seva inamwelekeza kwenye anwani fupi, kwa mfano ombi.php?hatua=2. Ndani yake hakuna jina, shule wala ugonjwa. Mtandao ukikatika, rasimu iko kwenye seva inamsubiri.

Hatua ya tatu, anathibitisha. Seva inaandika ombi na kumwelekeza kwenye ukurasa wa risiti. Kuelekezwa huku kuna faida nyingine: mtandao ukiwa mzito na mtu akafungua ukurasa upya, anachorudia ni kusoma risiti, si kutuma ombi mara ya pili. Kwa njia hiyo mchango mmoja hauandikwi mara mbili.

Hatua ya nne, anataka mwenyekiti auone. Anamtumia kiungo kifupi chenye namba ya ombi. Mwenyekiti anaombwa neno lake la siri, na seva inauliza swali lile la Citigroup: je, ombi hili ni la kamati yako? Mwanakikundi mwingine akibofya, anakuta mlango umefungwa. Kiungo kimezunguka kundi zima, na siri ya mtoto haijatoka kabatini.

MASWALI KUMI YA KUMUULIZA FUNDI

Kamati haihitaji kujua kuandika programu. Inahitaji kuuliza maswali haya kabla ya kupokea kazi na kulipa:

1. Nikijaza fomu ya majaribio na kubofya "Endelea", je, kuna jibu langu lolote linaloonekana kwenye anwani?
2. Majibu yanayobaki kwenye kiungo, je, yanafaa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo?
3. Nikibadilisha namba ndani ya anwani, je, naweza kuona faili la kamati nyingine?
4. Nikituma kiungo kwa mtu asiye mwanakamati, atakuta nini?
5. Nikiandika jina lenye ng', kikundi chenye alama ya & na simu yenye +255, je, vinafika kama vilivyo?
6. Je, kuna kiungo chochote kinachofuta, kulipa au kuthibitisha kwa kubofya tu?
7. Nikifungua upya ukurasa baada ya kutuma, je, ombi linaandikwa mara mbili?
8. Je, kuna vipande vya kampuni za nje kwenye kurasa za fomu? Ni vya kazi gani?
9. Daftari la kumbukumbu la seva linasomwa na nani, na linafutwa baada ya muda gani?
10. Je, tovuti yote ina HTTPS?

Jaribuni ninyi wenyewe, kwa simu ya kawaida na kwa majina ya kubuni. Maswali saba ya kwanza yanaweza kujibiwa kwa macho, mezani, ndani ya nusu saa. Fundi mzuri atafurahi kuulizwa. Anayekasirika amekwisha kujibu.

KWA WAFADHILI WETU

Wapo watakaosema kwamba kazi hii inaongeza gharama. Ni kweli kwamba faili na kabati vina bei kuliko daftari la kubeba mkononi. Lakini wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Unapopewa bajeti ya tovuti ya mradi, tafadhali usiangalie idadi ya kurasa peke yake. Uliza kama kuna fungu la kuichunguza kabla haijafunguliwa kwa umma, na la kumlipa fundi wa kuitunza mwaka unaofuata.

Mtoto wa Kihanga anayelipiwa ada atakua. Atamaliza shule, ataomba kazi, ataoa au kuolewa. Siku moja atakuwa na haki ya kuamua mwenyewe nani ajue alikuwa yatima na nani asijue. Kamati iliyotunza siri yake kabatini itakuwa imemwachia haki hiyo. Ndiyo maana tunaziomba kamati zote, kabla ya mkutano ujao, zifungue fomu zao, zijaze jina la kubuni, na kusoma kwa makini ule mstari mrefu ulio juu ya ukurasa.